Sakiti kongwe za mbio za magari zinauawa na kelele au na madeni? Tuanze na Mallory Park

Gia ya Tano (mleta uzi)

Wakuu salaam kwenu wote. Hii mada naileta humu maana najua kuna wapenzi wa mbio, kuna watu wa sheria na wa mahesabu pia, na nimechoka kuisikia ikiongelewa kishabiki tu, huyu analia majirani wana roho mbaya, yule anasema wenye sakiti wana kiburi, halafu hakuna anaekaa chini kuangalia hela inaingiaje na kelele inatokaje.

Kwa wasioijua, Mallory Park iko Leicestershire, Uingereza, pembeni ya kijiji cha Kirkby Mallory. Ni njia fupi, maili 1.35 tu, kama kilomita 2.17, inazunguka ziwa. Ina kona ndefu ya kulia inaitwa Gerards, dereva anaizunguka mpaka anahisi haiishi, na upande mwingine kuna Shaw's Hairpin ambayo imebana kweli kweli, unaingia ukitazama huku unatoka ukitazama ulikotoka. Zamani palikimbizwa farasi, zikaja pikipiki za kwenye nyasi, na magari yakaanza kushindana kwenye lami 1956. Pale wamepita John Surtees, Mike Hailwood na Barry Sheene. Surtees ndo binadamu pekee aliewahi kuwa bingwa wa dunia wa pikipiki za mbio na wa Formula 1, kwahiyo tukisema sehemu ina historia tunamaanisha hiyo.

Sasa tangu 1985 ile sakiti inaishi chini ya notisi ya halmashauri inayopanga ni siku zipi magari na pikipiki zenye kelele ziruhusiwe. Ikafika 2013 wakazi wakasema siku za kelele zimezidi zile zilizoandikwa kwenye notisi, halmashauri ikaingilia kati, na vuli ya mwaka huohuo kampuni iliyokuwa inaendesha pale ikaangukia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. 2014 ikaja kampuni nyingine, Real Motorsport, ikachukua uendeshaji, mbio zikarudi.

Watu wengi wanalisimulia hilo kama visa viwili, kimoja cha majirani na kimoja cha madeni. Mimi naona ni kitu kimoja. Sakiti ndogo haiishi kwa Jumapili ya mashindano ambayo nyie mnaiona kwenye picha. Inaishi kwa Jumanne na Alhamisi, siku ambazo hakuna mtazamaji hata mmoja, njia imekodishwa kwa watu binafsi wanaokuja na magari yao, zile trakdei, au kwa timu inayojaribu gari, au kwa kampuni inayouza zawadi za kuendesha gari la mbio. Hizo ndo zinalipa bima, lami, mshahara wa watunza uwanja. Na hizohizo ndo zinamtoa jirani akili, maana Jumapili ya mashindano anaijua na anaweza kuondoka, ila Jumanne asubuhi yuko kwake anataka kufanya kazi zake.

Kwahiyo ukiishiwa hela unaongeza siku, ukiongeza siku malalamiko yanaongezeka, malalamiko yakiongezeka unapunguziwa siku, na gharama zako zipo palepale. Karibuni tujadili.

pistoni2

Mkuu umeeleza vizuri ila mi msimamo wangu ni uleule, aliefuata mwenzie ndo ahame. Sakiti ipo tangu 1956, wewe umenunua nyumba miaka arobaini baadae, bei ukapewa nafuu kwa sababu kuna sakiti, halafu unaanza kulalamika kelele? Hii sio haki kabisa. Sheria inatakiwa iseme wazi, uliikuta, vumilia.

nesi_wa_zamu

pistoni2 ndugu yangu naomba nikujibu bila ugomvi. Mimi nafanya zamu za usiku, kwahiyo usingizi wangu ni wa mchana, na nimewahi kuishi karibu na sehemu yenye mashine zinazowashwa na kuzimwa. Kinachotesa sio ukubwa wa sauti peke yake. Ni ile kutokujua itaanza saa ngapi na itaisha saa ngapi. Sauti ikiwa moja mfululizo mwili unazoea kidogo, ila ikipanda na kushuka, inakuja inaondoka, inakuja tena, hapo hulali na ukiamka kichwa kinagonga. Gari linalozunguka njia ya kilomita mbili linapita kila dakika moja hivi, likifika kona linapunguza likitoka linakoroma, siku nzima. Sidhani kama kuna mtu anazoea hiyo.

Na sio wote wamenunua nyumba juzi. Kuna watu wamezaliwa pale, wamekuta sakiti inafanya mbio siku chache kwa mwaka na wanaipenda, kilichobadilika ni sakiti yenyewe kuanza kufanya kazi karibu kila siku. Huyo nae utamwambia alihamia?

Gia ya Tano

Dada nesi umegusa kitu cha msingi sana na naomba watu wasikiruke. Hata sakiti ilikuwepo, je matumizi yake ni yaleyale? Mbio za klabu za miaka ya 60 mwisho wa wiki mojamoja ni tofauti na biashara ya siku mia na kitu kwa mwaka.

Na hii vita sio mpya wakuu. Brooklands, Weybridge kulekule Uingereza, ndo sakiti ya kwanza duniani iliyojengwa makusudi kwa mbio za magari, ilifunguliwa Juni 1907. Hugh Locke King aliijenga kwenye ardhi yake mwenyewe, zege, maili 2.75, na kona zilizoinuliwa karibu mita 9. Ilimgharimu takriban pauni 150,000 za wakati ule, ikamtikisa kabisa kifedha, mke wake Ethel ndo akaingia kushika mahesabu mambo yasiharibike. Siku chache tu baada ya ufunguzi dereva S. F. Edge akaendesha gari la Napier pale masaa 24 mfululizo, tarehe 28 na 29 Juni, wastani wa karibu maili 66 kwa saa. Rekodi kubwa, ila majirani hawakulala. Uendeshaji wa usiku ukapigwa marufuku.

Matokeo yake mnayajua? Mwaka 1929 walipotaka mbio za masaa 24 ikabidi wazikate vipande viwili, masaa 12 mchana wa kwanza, magari yanafungiwa usiku mtu asiyaguse, halafu masaa 12 mchana wa pili. Wakaziita Double Twelve. Na miaka ya 1920 baada ya mvutano mwingine na wakazi, kila gari likalazimishwa kufunga sailensa kubwa yenye mkia kama wa samaki, hadi leo wenye magari ya zamani wanaiita sailensa ya Brooklands. Yaani deni na kelele vilikuwepo kwenye sakiti ya kwanza kabisa, mwaka wa kwanza kabisa.

Wakili wa Jioni

Naomba niingie kwenye hoja ya pistoni2 ya kwamba uliikuta vumilia, maana hiyo kwa sheria ya Uingereza haipo, na haipo tangu karne ya 19. Kuhamia kwenye kero sio utetezi kwa anaesababisha kero. Wapenzi wengi wa mbio wanaamini ipo, halafu wanashangaa kesi zinapotoka.

Kesi mbili za kujua. Ya kwanza ni Croft, sakiti iliyoko North Yorkshire, ilikuwa uwanja wa ndege wakati wa vita kuu ya pili, mbio zikashika kasi miaka ya 60. Majirani wakashitaki, mahakama ya kwanza ikawapa fidia peke yake. Wakakata rufaa, na Januari 2009 Mahakama ya Rufani ikasema fidia haitoshi, ikaweka zuio, siku za kelele kubwa zisizidi 40 kwa mwaka. Fidia yenyewe ilikuwa karibu pauni 150,000. Na kumbukeni Croft walikuwa na makubaliano na mamlaka ya mipango yanayowaruhusu siku nyingi sana kuliko hizo. Hawakuwa wahuni wanaoendesha bila kibali.

Ya pili imefika Mahakama ya Juu Februari 2014, inahusu uwanja wa Mildenhall, Suffolk, wa pikipiki za spidiwei (zile za njia ya udongo) na magari ya kugongana. Mahakama ikasema mambo matatu makubwa. Kwamba umehamia baadae sio utetezi. Kwamba kuwa na kibali cha mipango hakukupi ruhusa ya kumkera jirani, kibali ni suala lako na halmashauri, kero ni suala lako na jirani. Ila, na hapa ndo penye pumzi kwa wenye sakiti, ikasema mahakama zisiwe wepesi wa kutoa zuio kila mara, zifikirie zaidi kutoa fidia badala ya kufunga shughuli, na kibali cha mipango kinaweza kuangaliwa kwenye hatua hiyo.

pistoni2

Daah. Kwahiyo unakuwa na kibali mkononi, unalipa kodi zako zote, na bado unaweza kuzuiwa? Sasa mwekezaji gani ataweka hela hapo wakili? Mi naona hiyo ndo inaua sakiti kuliko deni lenyewe.

Wakili wa Jioni

Ndiyo unaweza kuzuiwa mkuu. Ila kuna upande mwingine umeboreshwa. Tangu 2018 mwongozo wa kitaifa wa mipango kule England una kanuni kwamba anaeleta mabadiliko ndo abebe mzigo. Maana yake mtu akitaka kujenga nyumba mpya jirani na sakiti, au jirani na ukumbi wa muziki au kanisa lenye kengele, yeye mjenzi ndo aweke madirisha mazito, ukuta, umbali, chochote, na biashara iliyokuwepo isibanwe bila sababu kwa ajili ya nyumba zake. Hii haimgusi jirani wa zamani wala haifuti sheria ya kero, ila inazuia tatizo jipya lisiongezeke. Sakiti yenye akili inatuma mtu kwenye kila kikao cha vibali vya nyumba eneo lile, inaweka pingamizi mapema kabla hata msingi haujachimbwa.

Bi Mahesabu

Mimi nataka turudi kwenye hela, maana Gia ya Tano umeanza vizuri halafu tukazama kwenye kelele.

Sakiti ni biashara yenye gharama zinazokaa palepale. Lami inachoka ukiitumia na inachoka usipoitumia, mvua na baridi zinaipasua. Vizuizi vya matairi na chuma, gari la wagonjwa na daktari kila siku ambayo gurudumu linazunguka, wapeperusha bendera, bima, kodi ya majengo, kama umepanga kuna pango la ardhi. Hakuna hata kimoja hapo kinachopungua kwa sababu halmashauri imekupunguzia siku. Kwahiyo kila siku unayonyang'anywa inabeba faida yote iliyokuwa ndani yake, gharama zinabaki zinakuangalia. Ndo maana sakiti inaweza kupoteza sehemu ndogo tu ya siku zake na ikafilisika.

Ila msidanganyike kwamba wakubwa wako salama. Silverstone yenyewe, nyumbani kwa British Grand Prix, wamiliki wake BRDC, klabu ya madereva wa mbio wa Uingereza, walitumia kipengele cha kuvunja mkataba Julai 2017 kwa sababu walikuwa wanapata hasara na mbio zimejaza watu! Hasara ya pauni milioni 2.8 mwaka 2015 na milioni 4.8 mwaka 2016, kwa maelezo yao wenyewe. Tatizo ada ya kuandaa ilikuwa inapanda asilimia 5 kila mwaka, ilianza milioni 11.5 mwaka 2010, ikafika milioni 16.2 mwaka 2017, na kama wangeendelea ingefika karibu milioni 25 mwaka 2026. Walikuja kukubaliana upya baadae. Lakini ona hapo, jirani hahusiki hata kidogo. Ni mkataba mbovu tu.

Na Donington Park ndo inaniumizaga zaidi. Ilikufa 1939 vita ilipoanza, jeshi likaichukua, Tom Wheatcroft akainunua 1971 kwa mapenzi yake, akaifungua tena 1977. Halafu wapangaji wakaja na ndoto ya kuleta Formula 1 kuanzia 2010, wakachimba njia kujiandaa, hela ya ujenzi ikakosekana, na mwisho wa 2009 kampuni ikaanguka. Sakiti ikabaki na mashimo. Ilirudi kwenye mbio 2010 na 2017 ikachukuliwa na MSV, kampuni ya kuendesha sakiti ya Jonathan Palmer, dereva wa zamani wa Formula 1, watu wanaojua kuuza Jumanne na Alhamisi. Sasa iko hai.

Gia ya Tano

Bi Mahesabu asante sana, ongeza na Nürburgring ya Ujerumani hapo. Njia yake ya Nordschleife ya kilomita karibu 21, imefunguliwa 1927, hakuna mpenzi wa mbio asieijua. Serikali ya jimbo la Rhineland-Palatinate ikaja na mradi wa Nürburgring 2009, mahoteli, maduka, ukumbi wa maonyesho na treni ya kasi ya starehe pembeni ya njia kuu. Waziri wa fedha wa jimbo alijiuzulu 2009 kwa sababu ya namna mradi ulivyotafutiwa hela. Ile treni ilichelewa kwa matatizo ya kiufundi, ikaja kubeba abiria siku nne tu 2013 halafu ikafungwa. Na 2012 kampuni ya sakiti ilishatangaza kufilisika, 2014 ikauzwa kwa euro milioni 77. Sakiti! Imejaza watu kila wikiendi wanalipa kuzunguka na magari yao binafsi, imefilisiwa na maduka.

Mimi hapa ndo huwa napata hasira kabisa, maana waendeshaji wakishaharibu hivi wanageuka kuomba siku zaidi ili wazibe pengo, na jirani ndo anaelipa kwa masikio yake deni ambalo hakulikopa.

fundi_ekzosi

Habari wadau. Naona wote mnaongelea sheria na hela, hakuna anaeongelea sauti yenyewe, na sauti ndo kazi yangu.

Desibeli haziongezeki kama hela. Ukipanda desibeli 10 sikio linasikia kama mara mbili ya mwanzo. Sehemu ya wazi, kila ukiongeza umbali mara mbili inashuka desibeli 6. Chukua gari moja lenye desibeli 95 ukisimama mita 20. Mita 40 inakuwa 89, mita 80 ni 83, ukifika mita 640 umebaki na 65. Desibeli 65 ni kama mtu anaongea na wewe karibu, sio mwisho wa dunia. Ila hayo ni gari moja. Magari kumi kama hilo yakiwa pamoja yanaongeza desibeli 10, jirani anarudi 75. Na upepo ukivuma kutoka sakiti kwenda kijijini, au jioni hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu, sauti inapinda kurudi chini badala ya kupotea angani, ndo maana siku nyingine jirani anasikia kama gari liko uani na siku nyingine hasikii kitu, na mwendeshaji anaapa kwamba magari ni yaleyale. Wote wawili wanasema kweli.

Kipimo cha kawaida wanakuja na maiki, wanaiweka nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, pembe ya nyuzi 45, injini inashikiliwa kwenye mizunguko fulani. Kinasaidia kukamata gari bovu ila hakimwambii jirani chochote, kwa sababu gari likiwa limesimama hupati mlio wa hewa inayovutwa na injini, hupati matairi kwenye kona, hupati gia kubadilishwa. Kinachotakiwa ni maiki pembeni ya njia na nyingine kwenye mpaka wa kijiji, zinarekodi siku nzima, na namba zinawekwa hadharani.

Halafu kuna vitu vidogo vinaudhi kuliko injini. Spika za matangazo! Sauti ya mtangazaji ina maneno ndani yake, na ubongo unayafuata maneno hata hutaki. Ni rahisi kabisa kuzigeuza zitazame chini na watazamaji tu.

nesi_wa_zamu

Fundi umeniwekea maneno mdomoni. Hiyo ya spika ni kweli tupu.

pistoni2

Fundi swali, mbona Laguna Seca kule California wanaendesha na sheria kali za sauti na bado ni maarufu? Wanafanyaje?

fundi_ekzosi

Laguna Seca siku nyingi za kukodisha zina kikomo cha karibu desibeli 90 kwenye kituo chao cha kupimia, siku zisizo na kikomo ni chache na zimetengwa kwa mashindano makubwa. Wenye magari wanakuja na bomba la ziada linalogeuza mdomo wa ekzosi utazame upande mwingine mbali na maiki na nyumba. Ukizidi unaitwa pembeni, ukirudia siku yako imeisha na hela yako imekwenda. Inaumiza ila inaeleweka, unajua kabla hujatoka nyumbani.

Gia ya Tano

Na hata hivyo hawajaepuka. Historia yao ni nzuri ngoja niiweke kidogo. Zamani mbio zilikuwa Pebble Beach, barabara za kawaida katikati ya miti, mpaka Aprili 1956 Ernie McAfee alipogonga mti akafa. Ikabidi itafutwe sehemu salama, wakapewa nafasi kwenye ardhi ya jeshi ya Fort Ord, na mbio za kwanza zikawa Novemba 1957. Kona yake ya Corkscrew inashuka kama ghorofa tano au sita ndani ya mita 140 hivi, dereva akifika juu haoni anakoelekea. Sasa ni mali ya kaunti ya Monterey tangu 1974. 2023 kaunti ikaweka lami mpya na daraja jipya, na Desemba ya mwaka huohuo kundi la wakazi wa barabara kuu ya 68 likafungua kesi dhidi ya kaunti, wakisema shughuli na kelele zimepanuka kuliko zilivyoruhusiwa. Ni swali lilelile la dada nesi, matumizi ni yaleyale au yamekua?

Bi Mahesabu

Sasa kuna njia mbili nimeziona zikifanya kazi na zinatofautiana sana.

Zandvoort, Uholanzi, katikati ya vilima vya mchanga vya pwani. Ilifunguliwa 1948. Formula 1 ya mwisho ya zama zile ilikuwa 1985, kampuni iliyoendesha ikaisha, majirani wamechoka. Walifanya nini? Wakakubali kukatwa. Sehemu ya ardhi ikaenda kwa mjenzi wa nyumba za mapumziko, njia ikasogezwa mbali na makazi, ikabaki fupi, kama kilomita 2.6, mwaka 1989. Wapenzi walilia wakasema imekufa. Haikufa. Miaka kumi baadae ikarefushwa tena kufika zaidi ya kilomita 4, na 2021 Formula 1 ikarudi. Walitoa kiungo wakaokoa mwili.

Goodwood nao walikwenda kinyume. Ilifunguliwa 1948, ikasimamisha mbio 1966, ikakaa kimya zaidi ya miaka 30 kwenye mashindano, wakatumia miaka mingi kuomba vibali, wakainua matuta ya udongo kuzuia sauti, wakafungua tena Septemba 1998. Siku za kelele isiyo na kikomo ni chache mno. Ila kila moja ya hizo wanaiuza ghali, watu wanavaa nguo za zama zile, tiketi zinaisha mapema. Wao wameacha kuuza wingi wa siku. Wanauza uhaba.

Wakili wa Jioni

Sawa ila Goodwood ina shamba kubwa la ukoo wa Duke wa Richmond, kabaila wa Uingereza, nyuma yake, kuna hoteli na mbio za farasi. Mallory Park ina ziwa. Usiseme tu wafanye kama Goodwood.

Bi Mahesabu

Nakubali kabisa, na ndo maana sijasema waige. Nasema wapime kila siku inaingiza kiasi gani kwa kila siku ya kelele inayotumia. Kama halmashauri imekupa idadi fulani ya siku za kelele, hiyo ndo mali yako adimu kuliko hata ardhi. Waendeshaji wengi wanaitoa kwa bei ya chini kwa klabu inayokuja na magari thelathini yenye ekzosi wazi, halafu siku ya kimya inakaa tupu. Siku ya kimya inajazika! Mafunzo ya udereva kwenye utelezi, baiskeli, magari ya umeme, kampuni zinazopima breki, soko la magari ya zamani yaliyosimama, watu wa filamu. Ziwa lenyewe lina wavuvi. Faida ni ndogo kwa siku, sawa, ila hailiwi na kesi.

pistoni2

Hapo mmeniweka sawa kiasi. Ila niulize, tukijaza magari ya umeme na baiskeli si tumeshaiua sakiti tayari? Mi nimependa hizi mbio kwa sababu ya sauti. Injini ya silinda nane ikipita unaisikia kifuani. Ukiniambia nije niangalie gari linalolia kama feni sitakuja.

Gia ya Tano

Na mimi naipenda hiyo sauti mkuu, usifikiri nimegeuka. Ila ndo nasema itunzwe kwa siku zake. Mimi ningekuwa nashika Mallory leo ningechapisha ratiba ya mwaka mzima kabla ya Januari, kila siku na daraja lake la kelele, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na mapumziko ya mchana yasiyoguswa. Ningeipeleka mkononi kila nyumba ya Kirkby Mallory na ningekaa nao kikao cha wazi kila baada ya miezi kadhaa, yupo mtu wa halmashauri, namba za maiki ziko mezani. Na ratiba ikishatoka hairekebishwi kwa kuongeza, hata akija mteja na hela kiasi gani. Hapo ndo waendeshaji wengi huanguka, mteja mmoja anaomba Jumatano ambayo haikupangwa, hela inahitajika wiki hii, wanakubali, na uaminifu wa miaka unaondoka kwa siku moja.

nesi_wa_zamu

Nikiwa jirani na nikapewa hiyo ratiba mi nitapanga zamu zangu. Kweli. Sihitaji kimya mwaka mzima, nahitaji kujua.

fundi_ekzosi

Na pistoni2 usiogope sana kuhusu sauti. Sailensa nzuri haifuti mlio wa silinda nane, inakata makali ya juu na ule mlipuko wa kuachia mafuta. Uzito wa chini unabaki, ila huo ndo unaosafiri mbali, kwahiyo ukitengeneza ekzosi ya gari la sakiti usihangaike na namba ya maiki ya nusu mita peke yake, weka chemba ya kutosha kabla ya mdomo, na mdomo utoke upande ambao hauna nyumba kwenye sakiti unayoenda. Gari linalozunguka kulia muda mwingi, kama pale Mallory ambako njia inazunguka kufuata mshale wa saa, upande wake wa kushoto ndo unatazama nje kijijini na wa kulia unatazama ndani kwenye ziwa. Toa bomba kulia. Kwenye injini zenye bomba moja la mwisho ni kazi ya nusu siku ya kuchomelea, na nimewahi kuona inashusha usomaji wa mpakani kuliko sailensa ya bei mbaya iliyofungwa upande usio sahihi.

pistoni2

Kushoto kulia sikuwahi hata kuwaza. Na gari likiwa na bomba mbili, moja kila upande?

fundi_ekzosi

Unaziunganisha chini kabla ya ekseli ya nyuma, unatoa moja kubwa kulia. Angalia tu isikaribie tenki wala nyaya za breki, na uiwekee ngao ya joto. Ukiwa tayari weka picha ya chini ya gari hapa nikuchoree.